Mwaka wa Kutafsiri Hesvika

Baba mkwe wangu nilimjua kwa sauti. Kikohozi chake nilikijua, mlio wa kigoda chake kikivutwa barazani niliujua, hata namna alivyovuta pumzi kabla ya kusema jambo zito niliijua. Ila uso wake, kama ningekutana nao sokoni hapa Tukuyu, ningeupita kama ninavyoupita uso wa mgeni. Wajukuu zangu walioko Dar wakisikia hivyo hucheka, husema bibi anatutania. Sitanii. Kwetu Unyakyusa mwanamke hakuonana na baba wa mumewe. Ukisikia anakuja njiani, uliingia kwenye migomba. Pasipo na migomba, ulichuchumaa ukajifunika khanga kichwa kizima mpaka apite zake. Jina lake hukulitamka, na mimi hata leo, na ualimu wangu wote wa miaka mingi, sitaliandika hapa. Anayetaka kulijua akamwulize mume wangu.

Naandika haya kwa sababu ya simu iliyopigwa mwezi uliopita, wakati nachambua maharage ngazini kwetu Ibighi. Aliyeipokea ni Ambakisye, mume wangu, ambaye siku hizi huongea na simu kwa kupiga kelele, kana kwamba anayempigia yuko ng'ambo ya bonde. "Nani? Lasi? Lasi yupi?" Kisha akanigeukia, simu kaishika mbali na sikio. "Mama Lugano, kuna mzungu anasema yeye ni Lasi. Yuko gesti huko Bagamoyo. Anauliza kama mkalimani wake bado mzima." Bagamoyo ni hii kata yetu ya hapa mjini, siyo ile ya pwani, kwa mguu ni mwendo mdogo tu. Nikamwambia amjibu kwamba mkalimani ni mzima isipokuwa magoti. Nilisema kwa utani, lakini mikono ilikuwa imeacha kuchambua, na maharage mabovu nikayatia pamoja na mazima. Kuna mwaka mmoja katika maisha yangu ambao nilikuwa nimeufunga vizuri, nikauweka juu kabisa, na jina la Lasi likauangusha chini wote.

Habari za ukoo wangu naziacha, hazina msaada hapa. Inatosha kusema kwamba mwaka ule, miaka ile ya foleni za sukari na sabuni, nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nakaa kwa shangazi yangu jirani na Igogwe, nasubiri matokeo. Ambakisye alikuwa Mbeya anajifunza ufundi wa magari. Posa yake ilikuwa imeshaletwa na kupokelewa, na harusi ilisemwa ingekuwa baada ya mavuno yanayofuata. Nilimpenda sana, niseme wazi. Alikuwa na mikono yenye grisi isiyotoka, na akija kunisalimia aliificha mfukoni. Kitu nilichokitaka mwaka ule kuliko kingine chochote, kuliko hata kufaulu mtihani, ilikuwa ni kuolewa na mtu yule.

Lasi yeye alikuwa ametufundisha hisabati. Jina lake hasa ni Lars, lakini sisi ulimi ulimalizia hapo ulipoweza. Alitoka Norwei, kijana mrefu mwenye masikio mekundu, amejitolea kufundisha, na alikuwa amepanga chumba kwenye kijiji cha juu ya Igogwe, kile kilichozungukwa na migomba na kahawa, na ukungu usiopanda mpaka saa nne asubuhi. Baba yake huko Norwei alikuwa mwalimu vilevile, na alikuwa ameandika historia ya kijiji chao, shamba kwa shamba, nani alilima wapi na nani alimrithi. Kijiji hicho kiliitwa Hesvika. Sasa Lasi akataka kufanya hivyohivyo kwa kijiji alikopanga. Kila aliyemwuliza alimwambia mambo ya zamani yako kwa mzee mmoja tu. Mzee huyo Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu. Basi Lasi, akiwa mtu wa hesabu, akatafuta mwanafunzi aliyekuwa na Kinyakyusa cha nyumbani na Kiswahili kizuri cha shule, akaja kwa shangazi kuniomba.

Namwona mpaka leo amekaa kwenye kiti chetu kimoja chenye mgongo, magoti yamefika kifuani, anakunywa chai isiyo na sukari na kuisifu. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia, "Mwalimu, mzee huyo ndiye baba wa kijana aliyemposa binti huyu. Hawawezi kuonana." Lasi akauliza, "Hawawezi kuonana mpaka lini?" Shangazi akamjibu, "Mpaka mmoja afe." Lasi akacheka, kisha akatutazama mmoja mmoja, akaacha kucheka. Shangazi akamweleza polepole, kama anavyomweleza mtoto kuhusu moto, kwamba mchumba akionekana uso na mkwe, posa inaweza kurudishwa, na kama ameshaolewa ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu wazee wanaamini tumbo linafunga. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia. Hakuna aliyeniuliza, lakini moyoni nilikuwa nimeshakubali ile kazi, kisha nikaambiwa haiwezekani.

Aliyelifungua jambo hilo ni mzee mwenyewe. Alituma mtu kwa shangazi na maneno haya: ukuta upo. Yeye angekaa barazani pake, binti angeingilia nyuma kwenye migomba na kukaa ghalani, na mzungu angekaa mlangoni katikati awaone wote wawili, maana yeye hana mkwe hapa. Kisha akaongeza sharti moja. Mzungu aanze yeye. "Siwezi kumwonyesha kijiji changu mtu ambaye sijui kwao kukoje." Shangazi aliguna, akasema wazee wakizeeka hupata akili za ajabu, lakini neno la mkwe halirudishwi. Ndivyo ilivyokuwa kwamba kabla ya kusikia lolote la kijiji nitakakoolewa, nilikaa wiki nyingi gizani nikitafsiri Hesvika.

Lile ghala nalikumbuka kuliko chumba changu cha harusi. Ukuta wake ulikuwa wa mianzi iliyokandikwa udongo, udongo wenyewe umepasuka, lakini mama mkwe alikuwa ameziba nyufa zote za upande wa baraza kwa kinyesi kibichi cha ng'ombe siku moja kabla sijaja, na harufu yake ilikuwa bado mpya. Juu darini yalining'inia mahindi ya mbegu, meusi kwa moshi. Pembeni palikuwa na mikungu iliyofukiwa kwa majani makavu ili iive, na kuku mmoja anayeatamia ambaye hakunipenda. Nilikaa juu ya gunia la maharage, mgongo umeegemea ukuta uleule alioegemea yeye upande wa pili. Akicheka, ukuta ulitikisika kidogo nyuma ya mabega yangu.

"Ugonile, Lasi," mzee alimsalimia kila Jumamosi kwa Kinyakyusa, umelalaje. Kisha kwa Kiswahili chake, "Habali ya kwenu?" Baada ya hapo Kiswahili chake kilikuwa kimekwisha na kazi yangu ilikuwa imeanza.

Lasi alisema Hesvika ipo mahali bahari inapoingia ndani kabisa ya nchi kwa mlango mwembamba, milima imesimama pande zote mbili na kuteremka majini. "Kama Matema?" mzee akauliza, maana Matema nako milima inaingia Ziwa Nyasa bila kupiga hodi. Lasi aliyekuwa amewahi kufika huko akasema ndiyo, kama Matema, ila ya baridi. Hapo mzee akaridhika, akawa anaiona. Watu wa kwanza walikaa pale mto unapoingia baharini, wakalima shayiri kidogo, wakafuga ng'ombe na mbuzi, wakavua samaki na kuwakausha kwa upepo. Kila shamba lilikuwa na jina, na mtu alichukua jina la shamba lake. Mwanamume akioa akahamia shamba la kina mkewe, aliacha jina lake mlangoni na kuchukua la huko. Mzee hilo lilimsumbua sana. "Kwa hiyo ardhi ndiyo inayomzaa mtu?" Lasi akafikiri, akasema, "Kwetu, mzee, karibu ni hivyo."

Theluji ilinitoa jasho. Shuleni tulisoma neno hilo na picha ya Kilimanjaro, lakini kwa Kinyakyusa sikuwa nalo, na mzee alikuwa amewahi kuona mvua ya mawe tu na umande ulioganda kule juu Kitulo. Nikasema ni maji yanayoanguka kama unga, yasiyolowesha mpaka yashikwe, yanayolala juu ya nyumba mpaka mlango hauonekani. Lasi akaeleza jinsi mwaka mmoja unga huo ulivyoporomoka kutoka mlimani na kulibeba zizi zima la shamba la juu, ng'ombe ndani yake, mpaka baharini.  Kisha mzee akaeleza yeye, kwa mara ya kwanza bila kuulizwa, jinsi mlima wetu nao ulivyowahi kuachia udongo wakati wa mvua kubwa ukafunika migomba ya ndugu yake. Nilitafsiri nikijua kwamba naambiwa habari za ukoo ninaoingia.

Siku nyingine Lasi alisimulia ugonjwa mkubwa wa zamani, tauni, uliokuja na merikebu ukaimaliza Hesvika. Mashamba yakabaki matupu, msitu ukarudi mpaka kwenye vizingiti. Ni baada ya vizazi kadhaa ndipo watu wakaja tena kulima, na mashamba yale yakaitwa kwa majina yaleyale ya zamani. Nikamaliza kutafsiri, nikasubiri. Niliisikia ile pumzi yake.

"Mwulize," mzee akasema, "kama wote walikufa, nani aliyakumbuka majina?"

Lasi alijikuna sikio lake jekundu. Kwa miaka yote ya kusikia hadithi hiyo tangu utoto, hajawahi kujiuliza. Akasema hajui, na baba yake hajui. "Mwambie atafute mwanamke," mzee akasema. "Lazima kulikuwa na mwanamke amejificha mahali, anasikia kila kitu, na hakuna aliyemhesabu." Nilitafsiri neno kwa neno, na mgongo nikauondoa ukutani, kwa sababu hapakuwa na mwanamke mwingine aliyejificha karibu yetu siku ile isipokuwa mimi.

Mazungumzo yakiisha, Lasi alikula barazani na mzee, mimi nikala jikoni na mama mkwe. Ndizi alizipika na maharage mpaka zikashikana, kisha akatuwekea maziwa mgando kutoka kwenye kibuyu, mazito ya kukatwa na kijiko. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye maneno makali na mkono mwepesi wa kugawa. Siku ile ya tauni alinitazama nikila, akasema, "Huyu mzee nimekaa naye maisha yangu yote. Nikimwuliza kaamkaje, ananijibu 'vizuri.' Kumbe alikuwa anamsubiri mzungu." Nikacheka, naye akacheka, kisha akaacha. "Na wewe usizoee," akaniambia. "Ukuta ni ukuta. Siku ukidondoka, sisi wote tutakuwa chini yake." Niliitikia kwa heshima. Nilijua anachosema. Posa ilikuwa yake pia.

Lakini nilikuwa nimeshazoea, nami nadhani mzee naye. Nilianza kungoja Jumamosi kuliko barua za Mbeya. Jambo lililotuvuta wote watatu lilikuwa hili la urithi. Lasi alisema Hesvika shamba lilikwenda kwa mtoto wa kwanza, na wengine wakapanda meli kwenda Amerika au kwenda mjini. Siku mtoto wa kwanza alipooa, baba na mama walihama nyumba kubwa na kuingia nyumba ndogo pembeni palepale, na mtoto alipaswa kuwapa kuni na maziwa na viazi mpaka wafe. Mzee alilipenda jambo hilo. Akaeleza kwamba kwetu zamani vijana wa rika moja walipokua walijenga kijiji chao wenyewe pembezoni, na siku ilipofika wazee waliwaachia nchi, wao wakasogea. "Baba ndiye anayesogea," akasema. "Asiposogea, mtoto atamsogeza." Na vijana walijenga mbali, akasema, kwa sababu ya wake zao, ili mkwe na mke wa mwanawe wasikutane kila asubuhi kisimani.

Halafu akauliza lile nililokuwa naliogopa. "Huko Hesvika, kabla hawajajenga hiyo nyumba ndogo, baba mkwe na mke wa mwanawe walikaa nyumba moja?"

"Wakati wa baridi walilala chumba kimoja," Lasi akasema. "Kilikuwa kimoja tu chenye moto."

"Na kula?"

"Meza moja."

Nilitafsiri huku masikio yananiwaka. Mzee akauliza kwa uzito wote, "Na hawafi?" Lasi akajibu kwamba hawafi, wanagombana tu. Ukuta ukatikisika. Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Basi afadhali ukuta," akasema. Nilidhani yamekwisha. Nikasikia kigoda kikisogea, na sauti yake ikaja chini zaidi, kama mtu anayeongea na magoti yake. "Lakini huenda mkwe wa huko anajua mke wa mwanawe ni mtu wa kucheka au wa kununa. Mimi mkwe wangu simjui. Nasikia tu anasema maneno ya mzungu." Lasi alinitazama kule gizani, anangoja tafsiri. Nilichelewa sana. Nilipompa, nilimpa kwa ufupi, kwamba mzee anasema kila nchi na desturi zake. Ndiyo tafsiri pekee ya mwaka ule niliyoipunguza. Yale maneno mengine niliona ni yangu.

Mvua za masika zikaja, matokeo yangu yakaja mazuri, nikachaguliwa chuo cha ualimu. Kisha Lasi akaja Jumamosi moja amekunja uso. Alikuwa amepata barua ya baba yake: shule ya Hesvika imefungwa, watoto wamepungua, waliobaki watapandishwa boti kila siku kwenda kijiji kingine. Nilitafsiri hilo kama habari nyingine yoyote.  Jumamosi iliyofuata nilipoingia kwa nyuma nikakuta migomba imejaa watu. Akina mama walikuwa wamekaa chini kimya kwenye majani, mikungu ya ndizi na kuni zimewekwa mlangoni pale anapokaa Lasi, wanaume wamesimama mikono nyuma. Mzee alikuwa amewatangazia msiba. Lasi akaniambia kwa hofu, "Waeleze hakuna aliyekufa, tafadhali." Nikawaeleza. Sauti ya mzee ikatoka mbele, "Amefiwa na kijiji. Kaeni." Wakakaa. Nasikia watu wakisimulia siku ile kama kichekesho, na kweli tulijifunga vibwebwe kwa ajili ya shule ya watu tusiowajua. Lakini nilimwona Lasi kupitia upenyo wa mlango. Alikuwa ameketi chini na akina mama, miguu yake mirefu haijui pa kwenda, analia kwa mara ya kwanza tangu ile barua.

Baada ya hapo mzee alitoa cha kwake chote. Waliotoka milima ya Ukinga na moto na ng'ombe, nani alifungua pori lipi, nani alichimba mfereji, Wajerumani na boma lao, kahawa ilivyoingia. Sikuwa na haja ya kuandika. Nilikuwa nalisema kila neno mara mbili. Kitu kimoja tu alikataa: picha. Alimwambia Lasi picha ni ya kazi iliyokwisha.

Kazi ikaisha mwezi ambao Lasi anarudi kwao. Siku ya mwisho mama mkwe alikuwa amekwenda hospitali ya Igogwe kumwangalia mgonjwa, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kukohoa wala kuita kunitahadharisha pale nyumbani. Mzee akasema sasa anaweza kupigwa picha, anakwenda kuvaa koti. Nilisikia buti zake za mpira zikizunguka nyumba kwenda upande wa pili, kisha mlango ukafungwa. Lasi akaingiza kichwa ghalani, uso unang'aa. "Mkalimani, toka uone jua. Kazi ni ya watu wawili. Mzee ameingia ndani." Akanishika mkono. Ndiyo, nilipaswa kukataa, lakini mwaka mzima nilikuwa nimekaa kwenye giza lile, na jua la saa sita lilikuwa pale mlangoni, nami pia nilikuwa najivunia kazi yetu. Nikatoka. Khanga ilikuwa mabegani, kichwa wazi. Kumbe koti lilikuwa limeanikwa kwenye uzio wa mbele, naye alikuwa ametoka tena kulichukua. Nilisikia buti kwenye kona, nikainua macho nikaona ncha zake, mpira mweusi na matope, hatua chache tu kutoka kwangu. Nikaanguka chini nilipokuwa, nikajivuta khanga mpaka usoni. Kitu kikaanguka. Kamera ikalia. Nilipofunua, palikuwa na Lasi peke yake, na kuku.

Hakuna atakayeelewa jinsi nilivyorudi kwa shangazi siku ile. Sikumwambia. Nilingoja posa irudi. Kila mtu aliyepita njiani na fimbo nilidhani ndiye mshenga. Haikurudi. Mzee hakudai hata kuku wa kusafisha jambo. Baada ya mavuno nikaolewa na mtu wangu mwenye grisi, na nilitembea kwenye harusi yangu nikijua kwamba baba mkwe ameniona uso mchana kweupe na amenyamaza. Kisha miaka ya kwanza mtoto hakuja. Mama mkwe hakusema, lakini aliniwekea maziwa zaidi, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kusema. Nilimaliza chuo, nikafundisha watoto wa wenzangu kusoma, na nilipokuwa peke yangu niliona ncha za zile buti. Sikumwambia Ambakisye. Ningemwambia nini? Kwamba nilitoka kuota jua? Alipozaliwa Lugano, mzee alituletea ng'ombe wa maziwa na ndama wake, akasimama mbali kwenye migomba mpaka nikaingia ndani. Nikasema moyoni, basi, amenisamehe. Alipokufa nilikuwa na akina mama wengine chumba cha ndani, na hakuna aliyeniita kumuaga. Wala sikuomba.

Lasi alikuja kwetu Ibighi siku ya pili baada ya ile simu. Ametembea na fimbo kutoka Bagamoyo, kakataa bajaji, masikio bado mekundu. Nilimpikia ndizi na maharage, akazimaliza. Alituambia barabara ilitobolewa ndani ya mlima mpaka Hesvika, lakini waliokuja nayo ni watalii, na ile shule sasa ni gesti. Kwenye shamba lao anakaa peke yake, katika ile nyumba ndogo ya wazee, na hakuna anayempa kuni. Alisema akicheka. Ambakisye akamweleza kwamba kule juu ya Igogwe migomba imepungua, siku hizi ni parachichi, na pale penye baraza mdogo wake amejenga nyumba ya matofali. Ukuta wetu haupo tena. Tukanywa, wazee watatu na chai yao, safari hii yenye sukari.

Kisha Lasi akatoa bahasha kwenye mfuko wa shati. "Nilikuwa na picha yake moja tu," akasema. "Nilitaka kuileta mwenyewe."

Ambakisye aliweka kikombe chini, akajifuta mikono kwenye suruali mara nyingi, kama zamani. Hatuna picha ya baba yake. Hatukuwahi kuwa nayo. Amewahi kuniambia kwamba kinachomwumiza uzeeni ni kuona uso wa baba yake unamtoka kidogo kidogo. Mimi nilikuwa nimeshasimama. "Kaa," akaniambia. "Ni karatasi." Nikamwambia, "Karatasi yenye baba yako," nikaingia jikoni, nikaegemea ukuta. Nilingoja aseme kitu. Nilisikia bahasha ikifunguliwa, halafu mume wangu akivuta pumzi. Niliifahamu pumzi ile. Ilikuwa ya baba yake.

"Mama Lugano, njoo."

"Siwezi."

"Njoo, mke wangu. Hakuna uso."

Nilikwenda. Picha imefifia na kuwa ya rangi ya chai. Upande mmoja kuna mlango wa ghala, na chini yake kirundo cha khanga, ambacho ni mimi. Upande wa pili kuna mzee ametupa kisogo. Ameinama, amejifunika koti kichwa kizima, amelishika kwa mikono miwili, mguu mmoja umezama kwenye mfereji wa maji machafu alikokimbilia, na nyuma yake kigoda kimepinduka. Hakuna mwanamume wa Kinyakyusa aliyejificha hivyo. Kujificha ni kwetu sisi. Mzee aliyekuwa anashika kumbukumbu za nchi nzima kichwani alijifunika kama mwali na kuruka kwenye uchafu, ili siku akiulizwa aweze kusema bila kudanganya kwamba hakumwona mkwe wake.

"Sikuelewa," Lasi akasema taratibu. "Nilidhani jua lilimwumiza macho. Niliona aibu kwa picha mbaya, ndiyo maana sikuituma."

Hakuniona. Miaka yote ile, zile buti, lile tumbo nililolipiga ngumi nikiwa peke yangu, na hakuwa ameniona. Nililia mbele ya mgeni, na sikujifunika. Ambakisye alikuwa anapitisha kidole kwenye ule mgongo, juu na chini. Alikuwa amengoja uso, akapata koti, na nilimwonea huruma kwamba zawadi yangu imekuwa hasara yake. "Ndiye," akasema. "Bega la kushoto lilikuwa chini hivi. Nilikuwa nimelisahau." Kisha akanisogezea picha juu ya meza. "Mtazame. Mgongo hauna mwiko."

Nikavuta kiti, nikavaa miwani, nikamtazama baba mkwe wangu kwa muda wote niliotaka.